Mungu Alimwita Fundi kwa Jina Lake

Somo letu liko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Musa yuko mlimani Sinai. Amekwisha kupewa vipimo vya hema ya kukutania, urefu wa sanduku, rangi za mapazia, mavazi ya kuhani, na kile kifuko cha kifuani chenye mawe 12 ya thamani yaliyopangwa safu 4. Na Musa huyu si mtu wa kubahatisha. Stefano anatuambia katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, kwamba alielimishwa katika hekima yote ya Wamisri, nayo Misri wakati ule ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu. Hakukuwa na karatasi ya juu kuliko aliyokuwa nayo Musa.

Lakini Mungu hamwambii Musa aketi chini akakate mawe. Anamtaja mtu mwingine kwa jina lake na la baba yake na la kabila lake: Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Huyo ndiye aliyejazwa Roho wa Mungu. Na angalieni, ndugu zangu, alijazwa Roho kwa ajili ya nini. Hakujazwa ahubiri wala atabiri. Alijazwa ili afue dhahabu na fedha na shaba, achonge mbao, akate mawe ya kutia katika mapambo. Kisha akapewa mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, wafanye kazi pamoja. Msomi wa Misri alisimama kando akimngoja fundi amalize.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa hapa Voi, Mwakingali, Kaloleni, Sofia, Birikani, Ikanga, na ninyi wa Maungu na Kasigau, mnajua kwa nini nimeanza na Bezaleli. Sisi tumejenga nyumba zetu juu ya mawe ya Bezaleli. Jiwe la kijani ambalo mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata tena hapa kwetu miaka michache baadaye, kampuni ya Tiffany ya New York ililiingiza sokoni mwaka 1974 kwa jina la Tsavo yetu. Rubi ya Mangare imevaliwa na wanawake ambao hawajawahi kusikia jina la Mwatate. Mtoto wa Kamtonga anaweza kukuonyesha kwa macho tu mwamba unaobeba na usiobeba. Lakini muulizeni mtoto huyo anataka kusoma nini akimaliza shule, atawajibu, "Chochote, bora iwe digrii."

Chochote! Neno hilo linanichoma. Linatoka midomoni mwa vijana wenye akili timamu, wenye alama nzuri, ambao wamefundishwa kila kitu kwa miaka 12 isipokuwa hiki kimoja: karatasi wanayoitafuta ni ya kazi gani.

Kila mwaka tovuti ya KUCCPS ya kuomba nafasi za vyuo inapofunguliwa, saiba za hapa mjini hujaa. Nimewasindikiza vijana wetu huko, nami nawaeleza niliyoyaona. Mama ameshuka kutoka Sagalla, leso begani, matokeo ya mwanawe ameyakunja mara nne akayatia ndani ya kibeti. Kijana amesimama pembeni, mikono mfukoni. Mwenye saiba, ambaye ana foleni ndefu, anauliza, "Tuweke nini?" Mama anamtazama mwanawe. Mwana anatazama skrini. Orodha inapanda, inashuka. Mwishowe kijana anaweka kidole kwenye kozi yenye jina refu kuliko zote. "Hiyo ni nzuri?" mama anauliza. "Hiyo ni digrii, mama," anajibiwa. Mama anashusha pumzi, anatabasamu, anafungua tena kibeti, analipa. Miaka 4 ya ujana, karo, kodi ya chumba cha kupanga na mkopo wa serikali, yote yamepangwa kwa dakika chache na mtu asiyemjua kijana yule hata jina.

Simlaumu mama. Simlaumu hata mwenye saiba, kwa kuwa yeye ameajiriwa kubonyeza, hakuajiriwa kushauri. Nawalaumu ninyi mliosoma, na nitarudi kwenu kabla sijamaliza.

Pale stendi ya Voi hakuna mtu anayepanda matatu bila kuuliza kama inakwenda Taveta, Wundanyi au Mombasa. Hata mlevi huuliza. Basi mbona watoto wetu wanapanda kozi bila kuuliza inakwenda wapi? Anza na kazi, mwanangu! Uliza kwanza: kazi ninayoitaka inafanywa na nani, na ni bodi gani inayompa kibali cha kuifanya? Bodi hiyo inadai karatasi gani? Karatasi hiyo inatolewa na chuo gani, na inadai alama gani katika masomo gani? Ukifika hapo, ndipo ufungue tovuti. Wengi wetu tunaanza na tovuti, tunarudi nyumbani na barua ya kuitwa, tunachinja mbuzi, halafu baada ya miaka 4 ndipo tunauliza kazi iko wapi.

Tembeeni nami tuingie Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, mwone jinsi jambo hili lilivyo na uzito. Mgonjwa mmoja tu, mzee aliyeletwa na pikipiki akitetemeka kwa homa, atapita mikononi mwa watu ambao wote yeye atawaita "daktari". Anayempokea na kumpima huenda ni afisa wa kliniki, aliyesoma diploma ya miaka 3 na kufanya mwaka wa mazoezi hospitalini, na jina lake limo katika daftari la baraza la maafisa wa kliniki. Anayemchoma sindano ni muuguzi, wa diploma au wa shahada, na leseni yake ni ya Baraza la Wauguzi. Anayechunguza damu yake amesoma Sayansi ya Maabara ya Tiba, naye ana bodi yake. Anayempiga picha ya kifua amesomea kazi hiyo peke yake. Dawa atapewa na mtu aliyesoma famasia kwa diploma, na huyo anaweza kuwa chini ya mfamasia aliyesoma shahada kwa miaka 5. Mashine ya oksijeni ikiharibika, atakayeitwa ni fundi wa mitambo ya tiba, kozi ambayo chuo cha tiba cha KMTC kinaifundisha kwa diploma na ambayo sijawahi kumsikia mzazi hata mmoja akiitaja katika maombi. Na daktari mwenyewe, yule wa shahada ya udaktari na upasuaji, alikaa chuoni miaka 6 kabla ya mazoezi.

Kijana asiyejua haya atasema, "Nataka udaktari," na alama zake zikikosa kufika, atajitupa katika shahada yoyote yenye harufu ya hospitali. Atachagua Biokemia. Sikilizeni vizuri: Biokemia ni elimu ya heshima, imetoa watafiti wakubwa, na anayeutaka utafiti aisome kwa moyo wote. Lakini bodi ya maabara za tiba inasajili waliosoma Sayansi ya Maabara ya Tiba. Kijana aliyedhani Biokemia itamwingiza katika maabara ya hospitali atasimama nje ya mlango na shahada yake mkononi, akimtazama mwenzake wa diploma ya KMTC akiingia kazini. Na huyo mwenzake huenda alipata C ya wastani, na siku matokeo yalipotoka watu wa mtaa walimhurumia.

Mnaona sasa? Karatasi ya juu haifungui kila mlango wa chini yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa shahada zenyewe. Watu husema "digrii" kana kwamba ni kitu kimoja. Shahada ya Sanaa, Shahada ya Sayansi, Shahada ya Elimu, Shahada ya Biashara, Shahada ya Teknolojia, Shahada ya Sheria: kila moja imeundwa kwa kusudi lake. Msichana anayetaka kufundisha Kiswahili na Historia katika sekondari akisoma Shahada ya Sanaa, atakuwa ameyasoma masomo hayo kwa kina, lakini hatakuwa amefundishwa ualimu. Itambidi arudi chuoni achukue diploma ya uzamili katika elimu ndipo TSC, tume ya walimu, imsajili. Angesoma Shahada ya Elimu tangu mwanzo, angemaliza mara moja. Na hata hiyo haitoshi, kwa maana TSC huangalia nyuma hadi kidato cha nne: C+ ya wastani, na C+ katika yale masomo mawili atakayofundisha. Kijana aliyepata C katika Historia akaenda kusomea kuifundisha, amekwisha kujikwaa kabla ya kuanza, na hakuna aliyemwambia.

Mwingine anataka kuwa mhandisi. Anaona Shahada ya Uhandisi, anaona Shahada ya Teknolojia ya Uhandisi, anaona majina yamefanana, anachukua ile iliyokubali alama zake. Kozi zote mbili ni njema. Lakini ya kwanza, ya miaka 5, humpeleka kwa Bodi ya Wahandisi. Ya pili humpeleka kwa bodi nyingine, ile ya wanateknolojia wa uhandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Majukumu yao kazini hayafanani. Ukichagua teknolojia kwa kujua, utafanya kazi kwa furaha hadi uzeeni. Ukiichagua ukidhani ni nyingine, utaishi na uchungu usio na sababu.

Na kuna milango ambayo watoto wetu wanaipita bila kujua iko wazi. Anayetaka uwakili anatakiwa awe na C+ ya wastani na B katika Kiingereza au Kiswahili. Au Kiswahili! Mtoto wa Voi aliyelala na kuamka na lugha hii anaweza kuifanya iwe ufunguo wa chumba cha mahakama, nasi tunamwambia Kiswahili ni somo la kupumzikia.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: aibu. Aibu ya diploma. Aibu ya cheti. Aibu ya kuwa fundi.

Nimeketi katika nyumba ambazo mtoto alipata C-, na mlikuwa kama matangani. Wazazi wamenyamaza, shangazi anasema "pole", mtoto amejifungia chumbani. Pole ya nini? C+ inampeleka mtu kwenye shahada. C- inampeleka kwenye diploma. D inampeleka kwenye cheti. Na hata aliyepata E ana nafasi katika mafunzo ya ufundi ya ngazi ya nne. Taifa hili limepanga sifa za elimu kwa ngazi 10: ufundi wa awali ni ya 4, cheti ya 5, diploma ya 6, shahada ya 7, uzamili ya 9, uzamifu ya 10. Kutoka moja kwenda nyingine kuna njia. Aliyeanza na cheti cha umeme anaweza kupanda hadi diploma, na wa diploma anaweza kuingia chuo kikuu akahesabiwa sehemu ya yale aliyosoma. Ni njia ndefu, sikatai, lakini yule anayeipita anapata riziki yake akiwa njiani. Nani aliyetuambia kwamba mtoto asiyefika ngazi ya 7 kwa mruko mmoja amekufa?

Mkwachunyi hapa tuna Coast Institute of Technology. Wazazi wa kaunti nyingine hupanda basi usiku kucha kuwaleta watoto wao chuoni hapo, na sisi tulio na chuo mlangoni tunawapeleka wetu mbali kusomea kozi wasizozijua, mradi barua iandikwe chuo kikuu. Ujerumani, nchi ambayo magari yake tunayatamani, imempa fundi mkuu aliyefuzu mtihani wake ngazi ile ile ya mwenye shahada ya kwanza katika mpango wake wa sifa za elimu. Wameandika hivyo rasmi. Hawakupunguza heshima ya chuo kikuu. Walikataa tu kumdharau Bezaleli.

Na tumwangalie huyo Bezaleli kwa karibu, maana wengi tumeona jiwe likiuzwa lakini hatujaona likikatwa. Mkataji anaanza kwa kukishika kipande ghafi juu ya taa, akikigeuza, akitafuta ufa na uchafu uliofichika ndani. Akikosea hapo, jiwe litapasuka mbele ya safari. Kisha analibandika kwenye ncha ya kijiti kwa nta ya moto. Anawasha kisahani kinachozunguka, kinalowa maji, na analigusisha jiwe kwa pembe aliyoipima. Uso mmoja. Analiinua, anatazama, anageuza, uso wa pili. Pembe zikikosewa kidogo tu, nuru inaingia juu na kutokea chini, na jiwe linabaki zito na butu kama chupa iliyovunjika. Zikiwa sawa, nuru inaingia, inarudi machoni, na jiwe linawaka. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe inapotea kwenye kisahani, na bado kinachobaki kina thamani kuliko kile kilichoingia. Kazi hiyo inataka jiometri, inataka fizikia ya nuru, inataka mkono usiotetemeka na subira ya mtu wa Mungu. Mawe mengi ya Afrika hukatwa Jaipur na Bangkok. Sisi tunauza kipande ghafi kwa dalali kando ya barabara, na tunajipongeza kwamba tumepata karo ya kumpeleka mtoto akasome chochote!

Serikali imejenga kituo cha vito hapa hapa Voi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa madini, na kimeshirikiana na Freiberg ya Ujerumani, chuo ambacho kimefundisha uchimbaji tangu mwaka 1765. Basi mzazi wa Mkuki, mwite mwanao umwambie ukweli wote: mgodi mmoja unahitaji mwanajiolojia wa shahada ya sayansi kuusoma mwamba, mhandisi wa madini kuhakikisha shimo halimwangukii mtu, mpima ardhi kuweka mipaka, fundi wa mitambo wa diploma au cheti, mhasibu, mkataji, na mtu anayeijua sheria. Ndiyo, sheria pia! Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoishi kwenye machimbo. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusimama mbele ya ofisi yoyote na kudai hiyo 10 kwa vifungu? Nani alimsomesha mtoto wake kwa ajili ya hiyo?

Na si mawe peke yake. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii ya Taita Taveta iko ndani ya Tsavo, hifadhi iliyotengwa mwaka 1948, na tunachokijua zaidi kuihusu ni ndovu aliyevunja tangi la maji. Ziko kazi humo za daktari wa mifugo na wanyamapori, za mwanaikolojia, za mchora ramani kwa setilaiti. Iko kazi ya kuongoza watalii, ambayo watu hudhani ni kuendesha gari tu, kumbe waongozaji wana mitihani yao ya shaba, fedha na dhahabu, na wa dhahabu ni wachache na wanatafutwa. Kule Kasigau watu wanapima miti na kuhesabu ukaa, na mradi huo mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za ukaa kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho VCS. Maji ya Mzima yanapita bombani kwenda Mombasa huku akina mama wetu wakipanga mitungi, na chuo cha maji kiko Nairobi kikipokea wanafunzi wa cheti na diploma. Treni ya SGR imepita hapa tangu 2017, inahitaji mafundi wa njia na wa ishara kila siku ya Mungu. Kazi hizi ziko mbele ya macho yetu. Zitafanywa na mtoto wa mtu.

Walimu, neno hili ni lenu, na nawapenda kama wazee wangu. Mlango wa uhandisi ulikuwa ukifungwa siku ile kijana wa kidato cha pili alipoacha Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali. Hakuna aliyemwambia siku hiyo kwamba ameuaga uhandisi. Na sasa jambo limekuwa zito zaidi. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ni wa mwaka 2027. Watoto wa mtaala mpya waliingia Gredi 10 mwezi wa Januari 2026, na kila mmoja amewekwa katika mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hata Hisabati imegawanyika, iko ya msingi na iko ya lazima kwa wanaokwenda sayansi. Kwa hiyo chaguo lililokuwa likifanywa na kijana wa miaka 18 mbele ya saiba, sasa linafanywa na mtoto wa miaka 14 au 15 aliyeko Gredi 9. Mtoto huyo hana uwezo wa kulibeba peke yake! Asipokuta mtu mzima anayejua, atafuata rafiki yake.

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Tuketi basi. Mkopo wa serikali wa HELB si zawadi. Hulipwa, na riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Kijana akikopa kwa kozi inayompeleka kazini, atalipa na atashukuru. Akikopa kwa jina refu asilolijua, deni litamsubiri kijijini alikorudi kukaa bila kazi. Na kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, ulizeni kama chuo kikuu hicho kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama chuo cha kiufundi kina leseni ya TVETA. Majengo mazuri na mabango ya barabarani si leseni. Tunajua watu, hapa hapa kwetu, waliouza shamba kulipia karatasi ambayo hakuna bodi inayoitambua. Ziombeeni familia hizo, lakini zaidi ya kuomba, mkaangalie orodha ya vyuo vinavyotambuliwa.

Naam, nilisema nitarudi kwenu mliosoma.

Kalamu ilifika Sagalla mwaka 1883, na mmishenari Wray. Mlima huo tunauona kila asubuhi. Ni zaidi ya miaka 140 sasa watu wa nchi hii wanasoma, na wengi wenu mnaonisoma ni matunda yake. Mna leseni. Mna mihuri. Mnajua bodi zenu zinadai nini, mnajua kozi ipi ni upotevu wa wakati na ipi inalipa, mnajua hata chuo kipi kina maabara na kipi kina picha ya maabara. Na mnaketi kanisani safu ya tatu kutoka mbele, mkiimba, huku nyuma yenu ameketi mtoto wa jirani ambaye wiki ijayo ataweka kidole kwenye skrini bila kujua anachochagua. Hamkumwambia. Mlingoja awaulize. Atawaulizaje, naye hajui kwamba lipo la kuuliza?

Rudini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35. Pale Musa anasema kwamba Mungu hakumpa Bezaleli na Oholiabu ustadi peke yake. Alitia pia mioyoni mwao karama ya kuwafundisha wengine. Ustadi na kufundisha vilikuja pamoja, kwa mkono mmoja, siku moja. Anayebaki na ustadi akaukalia, amepokea nusu ya karama na kuitupa nusu nyingine.

Wachungaji wenzangu, mapadri, maimamu wa misikiti yetu hapa mjini, kwa kuwa jambo hili halina dhehebu: tupeni saa moja. Jumapili moja kila mwezi, au Ijumaa baada ya swala, msiwaache watu watawanyike. Mwiteni muuguzi asimame na leseni yake mkononi, watoto waione kwa macho. Mwiteni fundi wa umeme wa SGR, mpima ardhi, mkataji vito, mwalimu, afisa wa kliniki, karani wa mahakama. Kila mmoja aseme mambo manne tu: ninafanya nini kutoka asubuhi hadi jioni, nilisoma nini, nilipata alama gani katika masomo gani, na bodi gani ilinisajili. Asijisifu. Aseme pia alichokipoteza kwa kutojua.

Mama wa Gredi 9, njoo na mwanao na uje na kitabu chake cha maendeleo. Baba wa kidato cha nne, usimtume mtoto saiba peke yake mwaka huu. Nenda naye, na uende na jina la kazi limeandikwa kwenye karatasi kabla ya jina la kozi. Uliyeitwa chuoni kwa kozi usiyoielewa, dirisha la kuhamia kozi nyingine hufunguliwa baada ya nafasi kutangazwa. Uliza tarehe yake leo, usiseme kesho.

Na wewe uliye na kazi, mtafute kijana mmoja wa mtaa wako wiki hii, mketi naye, umweleze kazi yako inadai karatasi gani. Tovuti ikishafungwa, utakuwa umechelewa.